Jina Langu Lilikuwa Kwenye Ile Karatasi

Maneno haya niliyazungumza na vijana wa Voi usiku wa Jumamosi, baada ya Ishaa, katika mwezi wa Rajab 1444. Ndugu zetu wa Taveta, Mwatate na Wundanyi wameuliza kama kuna rekodi. Rekodi haipo, kwa hivyo nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Soma mpaka mwisho, kisha mtumie mwenzako.



Ndugu zangu na dada zangu, nitaanza na aibu yangu mwenyewe, ndiyo nipate uso wa kuwaambia hayo mengine.

Miaka michache iliyopita nilipigiwa simu saa nne asubuhi. Rafiki yangu ananiambia, "Uko wapi? Kuna kikao cha maoni ya wananchi. Chakula kipo, na fea ni mia tano." Mimi wakati huo nimemaliza diploma, kazi sina, nashinda maskani. Nikavaa shati safi, nikaenda. Tukakalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Afisa akasoma kwa Kiingereza makaratasi ambayo sisi hatukuwa nayo mkononi. Akasoma karibu saa nzima. Akamaliza, akauliza, "Kuna swali?" Mzee mmoja wa nyuma akainua mkono, akauliza habari ya maji. Akaambiwa hiyo itajibiwa siku nyingine. Halafu ikapitishwa karatasi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Nikatia sahihi. Nikala pilau, nikachukua mia tano yangu, nikaenda zangu.

Miezi ikapita. Watu wa mtaa wetu wakagundua kwamba ule mradi wa bomba la maji walioahidiwa haumo kwenye bajeti. Wakaenda kulalamika. Jibu walilopewa lilikuwa fupi: wananchi walishirikishwa, hawakupinga, na majina yao haya hapa. Jirani yetu mmoja akarudi na kopi ya ile karatasi. Akanionyesha kwa kidole, hakusema kitu. Jina langu lilikuwa la kumi na saba. La yule mzee aliyeuliza maji halikuwepo, kwa sababu aliondoka amekasirika kabla karatasi haijamfikia.

Mpaka leo mama yangu ananunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Kila nikisikia lile gari la mkono likigonga mawe nje, nakumbuka sahihi yangu.

Nawaambia haya kwa sababu tukisema "demokrasia" wengi wenu mnafikiria Nairobi, mahakama na mabunge, watu wa suti kwenye televisheni. Lakini demokrasia inaweza kufa chini ya turubai hapa Voi, watu wakiwa wanakula pilau, na muuaji akawa ni kijana mzuri tu wa msikitini asiyekuwa na nia mbaya na mtu.

Mwaka 2022 tulipata serikali mpya, juu na chini. Tulipiga kura tarehe 9 Agosti mwaka huo. Rais William Ruto akaapishwa tarehe 13 Septemba, baada ya Mahakama ya Juu kutoa uamuzi wake. Hapa kaunti tukamchagua Gavana Andrew Mwadime, aliyesimama bila chama. Wapo waliofurahi, wapo walionuna, na wote ni Wakenya. Mimi sikuja kumpigia debe mtu wala kumpiga mtu vita. Nimekuja na methali mnayoijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wageni wetu tumewapa zaidi ya siku mbili. Saa hii ni wakati wa jembe.

Tuwe waadilifu. Yapo mema yaliyofanyika. Siku moja tu baada ya kuapishwa, Rais aliapisha majaji sita ambao Rais aliyetangulia alikataa kuwateua. Mwezi wa Oktoba 2022 kikosi maalum cha polisi cha SSU, kilichotajwa sana kwenye visa vya watu kuuawa na kupotezwa, kilivunjwa. Sisi watu wa Pwani tunajua uzito wa jambo hilo, maana wapo akina mama hapa Pwani ambao hawajui walipo watoto wao.

Lakini yapo pia ya kutufanya tukae macho. Kesi kadhaa za ufisadi za watu wakubwa zimeondolewa mahakamani. Wabunge waliochaguliwa upande mmoja walionekana wakipishana kwenda upande mwingine, na wewe uliyempigia kura hukuulizwa. Na tume ya uchaguzi, IEBC, mwanzoni mwa 2023 haikuwa na makamishna kazini. Watatu walijiuzulu, mmoja alipelekwa mbele ya jopo la uchunguzi, na mwenyekiti na wenzake wawili muda wao ulikwisha Januari 2023. Mwezi huo huo sheria ya jopo la kuwateua makamishna wapya ikabadilishwa. Makamishna wapya ndio wa kuhesabu kura yako mwaka 2027. Je, ulisikia vijana wangapi wa Voi wakilizungumza hili? Tulikuwa tunazungumza Arsenal.

Mtu ataniambia, hayo ni ya Nairobi. Haya, tuje nyumbani.

Mnakumbuka mwaka 2019? Gavana wa wakati ule na waakilishi wadi walivutana juu ya bajeti. Gavana akaanzisha ukusanyaji wa sahihi ili kaunti ivunjwe. Waakilishi nao wakapiga kura ya kumng'oa, kesi ikaenda Seneti, akaponea huko. Tembo wawili walipigana, na nyasi ni nani? Sisi. Watu wa Taita Taveta hatuhitaji kuelezwa tembo akipita shambani anaacha nini. Wakati ule vijana tulifanya nini? Wengine tuliweka sahihi bila kusoma, wengine tukashangilia waakilishi, wengi tukakaa tu. Hakuna aliyesema, hebu wekeni hiyo bajeti hapa mezani tuisome sote.

Na gavana asiye na chama ni jambo la kutafakari. Ni heshima kwa wapiga kura wa hapa, kwamba walimtazama mtu, si rangi ya bendera. Lakini kiongozi asiye na chama hana wakubwa wa chama wa kumwita na kumuuliza. Wa kumuuliza ni bunge la kaunti na mimi na wewe. Tukinyamaza, ameachwa peke yake, na kuachwa peke yake na pesa za umma ni mtihani hata kwa mtu mwema. Mwaka wa fedha wa 2022/23 kaunti hii ilipata mgao wa takriban shilingi bilioni 4.8 kutoka serikali kuu. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 340,671. Fanya hesabu mwenyewe, kisha angalia barabara ya kwenu.

Nataka sasa nijibu maneno matatu ninayoyasikia kila nikikaa na vijana wa Kiislamu.

La kwanza: "Siasa si za mtu wa dini." Ndugu yangu, Qur'ani ina sura nzima inayoitwa Ash-Shura, mashauriano. Na amana tunaifundishwa tangu madrasa. Bajeti ni amana. Sayyidna Abubakar, Allah amridhie, alipopewa uongozi aliwaambia watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Yeye ndiye aliyekuwa mbora wao, na bado aliomba anyooshwe. Itakuwaje MCA wako asinyooshwe?

La pili: "Sisi ni wachache kaunti hii." Ni kweli. Lakini maji ya mkokoteni hayaulizi dini. Jirani yako Mkristo wa Mbololo na wewe wa Kaloleni mnanunua mtungi mmoja kwa bei moja. Ukienda kuuliza habari ya maji nenda naye. Ukienda peke yako na kofia yako watasema hawa wana lao. Mkienda wote, ni wananchi. Na nyinyi mliosumbuliwa na msasa wa vitambulisho, ukaulizwa babu wa babu yako alizikwa wapi kwa sababu ya jina lako tu, hilo nalo halikuwa la Waislamu peke yetu. Mtu asiye na kitambulisho hapigi kura na hapati kazi. Ni shida ya demokrasia, iseme kwa jina hilo.

La tatu: "Haibadiliki kitu." Hili ndilo linaloniuma. Nitawapa mifano mitatu.

Milima hii ya Taita mnayoiona, mwaka 1939 wazee wake waliunda chama, Taita Hills Association, kudai ardhi iliyochukuliwa na Wazungu. Mengo Woresha na wenzake hawakuwa na simu wala intaneti. Walikuwa na miguu, mikutano na barua. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ikakipiga chama marufuku, viongozi wakapelekwa kizuizini Kapenguria. Serikali yenye bunduki iliona barua na mikutano ya watu wa Taita ni hatari. Mbona sisi tunaona ni kazi bure?

Wa pili, Wamakonde wa Kwale. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Watoto wakazaliwa hapa, wajukuu wakazaliwa hapa, na bado hawakuwa raia wa popote. Oktoba 2016 wakaanza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi. Haikupita miezi mingi, mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Hawakuwa na mbunge. Walikuwa na shida moja iliyo wazi, na walikubali kwenda pamoja.

Wa tatu, hapa hapa Pwani. MUHURI, shirika la Waislamu la haki za binadamu lililoanza Mombasa mwaka 1997, lilifundisha watu wa mitaani kukagua miradi ya pesa za CDF. Watu wa kawaida kabisa walichukua makaratasi, wakaenda uwanjani, wakapima ukuta, wakahesabu madawati, kisha wakaita baraza na kusoma walichokiona mbele ya wote. Somo hilo walilipata kwa wakulima na vibarua wa Rajasthan, kule India, waliokuwa wakisomeana hesabu za serikali hadharani kijijini. Mwaka 2015 MUHURI na HAKI Africa wakawekwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kufadhili ugaidi, akaunti zikafungwa. Walienda mahakamani Mombasa kwa utulivu, na mwaka huo huo mahakama ikawasafisha. Kwa hiyo hata gharama yake tunaijua, na tunajua inavumilika.

Haya, tufanye nini? Mimi sipendi mtu anayekupandisha moto halafu anakuacha steji bila nauli. Kwa hiyo sikiliza.

Kwanza, jua kalenda. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inasema ifikapo 28 Februari, kaunti iwe imepeleka bungeni mpango wake wa mwelekeo wa fedha, na kabla ya hapo itafute maoni yetu. Makadirio ya bajeti yanafika bungeni ifikapo 30 Aprili. Ikifika 30 Juni, yamekwisha. Na mwaka 2023 kulikuwa na kubwa zaidi: ule mpango wa miaka mitano, CIDP ya 2023 hadi 2027. Mradi usiomo humo ni vigumu sana kupata pesa baadaye. Ukija Julai na kelele zako umekuja msiba umeshazikwa. Vikao vya kabla ya hapo ndivyo vyenyewe.

Pili, dai karatasi kabla hujatia sahihi kwenye karatasi. Ukiitwa kwenye kikao, uliza: nakala iko wapi? Nataka niisome kwanza. Kama hakuna, andika pembeni ya jina lako, "sikupewa nakala". Maneno mawili tu. Lau ningeyaandika siku ile, ile orodha isingekuwa silaha ya kuwapiga majirani zangu.

Tatu, andika barua. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema vipi. Barua waweza kuiandika kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja waachie, nyingine igongwe muhuri urudi nayo. Bila muhuri hujaenda.

Mimi na wenzangu watano tulifanya hivyo kuhusu lile bomba. Siku 21 zikapita kimya. Tukarudi na kopi yetu yenye muhuri, tukaambiwa faili halionekani. Tukaandika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaiita Ombudsman. Ndipo faili likaonekana. Kurasa nne. Tukajua pesa zilihamishiwa wapi na mwezi gani. Bomba halijafika, siwadanganyi. Lakini leo hakuna mtu anayeweza kutuambia kwamba tulikubali. Tumeandika ombi kwa bunge la kaunti, haki hiyo imo kwenye sheria ya serikali za kaunti, na yule mzee aliyeuliza swali chini ya turubai ndiye sahihi ya kwanza. Mimi nilitia ya mwisho.

Nne, kuandamana. Ibara ya 37 inakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria inataka muarifu kituo cha polisi angalau siku tatu kabla. Kuarifu si kuomba ruhusa, lakini arifu, na weka kopi. Usiende na jiwe. Anayekwambia beba jiwe muulize yeye atasimama wapi siku hiyo. Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu, ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Usitoke peke yako, na mtu wa nyumbani ajue ulipo. Mama zetu wana hofu, na hofu yao ina sababu. Tusiwabeze. Tuwape utaratibu wa kuwatuliza.

Tano, dada zetu. Vikao vinapangwa saa ambazo mwanamke yuko jikoni au sokoni, halafu tunasema wanawake hawana maoni. Anayejua bei ya maji na anayejua zahanati haina dawa ni nani? Kikao chochote tutakachokiita sisi, kiwe saa ambayo mama anaweza kuja, na apewe kipaza sauti, asipewe sufuria tu.

Nilipomaliza, kijana mmoja wa boda aliinua mkono. Akasema, "Bro, mimi mia tano ni siku nzima ya kazi. Nikiletewa, nitakataaje?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Na mimi sikucheka.

Nilimjibu hivi. Fea si haramu. Kama umeacha kazi yako kwenda kushauriana juu ya mali ya umma, kulipwa nauli si hongo. Chukua. Lakini nauli ni ya miguu yako, haijanunua mdomo wako. Ukichukua mia tano, uliza swali la mia tano. Soma. Na kama huwezi kuuliza kwa sababu umelipwa, basi hiyo si nauli tena, na wewe mwenyewe unajua jina lake.

Akanyamaza kidogo, akauliza tena, "Na wewe ile yako uliirudisha?" Nikamwambia sijairudisha, sijui hata nimrudishie nani. Ndiyo naendelea kuilipa. Hii ni mojawapo ya malipo.

Ndugu zangu, Ramadhani itafika, inshaallah. Tutafunga, tutasoma, tutalia kwenye dua tukiomba viongozi wema. Amin. Lakini kabla ya hapo fanya mambo matatu wiki hii. Jua jina la MCA wako na ofisi yake iko wapi. Uliza kikao cha bajeti cha wadi yako ni lini, na mpange watu watano mwende pamoja, wawili wawe si wa msikiti wako. Na uitafute Katiba kwa Kiswahili, iko bure kwenye simu, usome ibara ya kwanza tu. Inasema mamlaka ni ya nani. Ukimaliza kuisoma, jiulize ulimwachia nani yako.

Allah atujaalie tuwe watu wa kusema kweli, wa kwanza dhidi ya nafsi zetu. Awahifadhi vijana wetu, awape subira akina mama wanaosubiri watoto wao, na awanyooshe viongozi wetu kwa mikono yetu.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.